Mara 28 kwa Dakika

Vipimo vya saa nane usiku nilivifikisha kitanda cha saba saa tisa na dakika kumi. Mgonjwa alikuwa siku ya tatu tangu afanyiwe upasuaji wa utumbo. Presha 118 kwa 74. Joto 37.4. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 96. Kwa namba hizo unamfunika shuka vizuri na kwenda kitanda cha nane, na mimi nilikuwa nimeshaanza kugeuka. Nikamuuliza anajisikiaje. "Niko salama, sista," akanijibu, lakini baada ya kusema "niko" alivuta pumzi kwanza, ndipo akamalizia. Pumzi moja haikumtosha kwa maneno matatu.

Nikarudi. Nikamshika kifundo cha mkono kana kwamba napima mapigo ya moyo, maana mtu akijua unamhesabia pumzi hupumua tofauti. Nikatazama kifua chake kwa mwanga uliotoka koridoni, dakika nzima kwa saa yangu. Mara 28. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20.

Nikafungua chati. Saa nane mchana: 18. Saa kumi na mbili jioni: 18. Saa nne usiku: 18. Nikampigia daktari wa zamu. Kabla hakujapambazuka mgonjwa alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji, kwa sababu mshono wa utumbo ulikuwa umevuja na uchafu wake umeanza kusambaa tumboni. Wiki tatu baadaye alitoka wodini kwa miguu yake.

Ukiisoma ripoti ya zamu ile, dakika niliyosimama pale huioni. Utaona "vipimo vimechukuliwa", utaona "daktari amearifiwa", na saa ya kuarifiwa. Nimelirudia tukio hilo kichwani kwa miaka, na silisimulii kwa kujisifu. Nilichelewa saa nzima na kidogo, na nilikaribia kupita. Nalirudia kwa sababu limebeba karibu kila ninachotaka kusema kuhusu maisha ya kazini ya muuguzi aliyesajiliwa. Kazi yake kubwa ni kuangalia. Kuangalia kunataka muda. Muda huo hupangwa na watu wengine, na unapokosekana, anayeitwa kujieleza ni muuguzi peke yake.

Mtu wa nje akiulizwa muuguzi hufanya nini, hutaja mikono: kuchoma sindano, kufunga dripu, kuosha kidonda, kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo. Ni kweli, mikono haipumziki. Lakini hayo hufundishika kwa haraka. Mwanafunzi mwenye bidii huweza kuchoma sindano vizuri baada ya wiki chache. Kumtambua mtu aliyebadilika tangu jana, wakati kila namba yake bado inaonekana nzuri, huchukua miaka. Mgonjwa aliyekuwa akilalamika tangu asubuhi amenyamaza ghafla. Mzee mtaratibu ameanza kuchezea ncha ya shuka na kumwita mtu asiyekuwepo. Mama aliyejifungua salama presha yake haijashuka, ila mapigo ya moyo yamepanda kutoka 84 hadi 118. Mwili wa kijana hujibana na kuishikilia presha hata damu inapopotea, kisha huiachia yote kwa mara moja. Muuguzi anayesubiri presha ishuke ndipo aite msaada amesubiri mno.

Watafiti wa hospitali wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990 kwa swali lililonyooka: mgonjwa akishapata tatizo baada ya upasuaji, ni hospitali zipi humwokoa na zipi hushindwa? Maambukizi, kuvuja damu na damu kuganda kwenye mishipa hutokea hata kwenye hospitali nzuri. Kinachozitofautisha sana ni kama kuna aliyeona mapema na akasikilizwa. Na mtu anayekuwa karibu na mgonjwa saa 24, mwenye elimu ya kuelewa anachokiona, ni muuguzi. Daktari hupita, hutazama, huamua, huenda wodi nyingine. Simlaumu, ndivyo kazi yake ilivyopangwa.

Jioni iliyofuata nilipokuwa napokea zamu, nilimuuliza mwenzangu wa jioni, polepole ili wengine wasisikie: "Dada, zile 18 ulizihesabu?" Hakukasirika. Alinitazama kwa macho mekundu ya uchovu akasema, "Nizihesabu saa ngapi?"

Wakati ule nilidhani amenikwepa. Baadaye nikakaa na kalamu nikalipigia hesabu jibu lake, na ningependa msomaji aipitie hesabu hiyo pamoja nami. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 26, yaani 13 kwa kila mmoja. Zamu ni saa 8, dakika 480. Toa dakika 40 za kupokea na kukabidhi ripoti, zinabaki 440. Vipimo ni mara tatu kwa zamu. Kufunga kitambaa cha presha, kuweka kipimajoto, kuandika na kuosha mikono ni dakika tano kwa mgonjwa, kwa hiyo 15. Dawa ni mara mbili, dakika sita kila mara ukizisoma na kuzihakikisha inavyotakiwa, yaani 12. Jumla ni dakika 27 kwa mgonjwa mmoja, na kwa wagonjwa 13 ni 351. Zimebaki 89.

Wodini kuna wagonjwa wanne wasioweza kujigeuza. Mtu asipogeuzwa, ngozi ya makalio na visigino huanza kufa kwa kukandamizwa, na kidonda cha namna hiyo huweza kufika mfupani. Tukiwageuza kila baada ya saa mbili, yaani mara nne kwa zamu, wauguzi wote wawili, dakika tano kwa kila mgonjwa, ni dakika 80 kutoka kwa kila muuguzi. Zimebaki tisa. Katika hizo tisa apokelewe mgonjwa mpya, wafungwe vidonda, ndugu wa mgonjwa wajibiwe, shuka zibadilishwe, anayerudi nyumbani afundishwe kujichoma insulini, na muuguzi mwenyewe anywe maji na aende chooni. Kumhesabia kila mgonjwa pumzi kwa dakika nzima, mara tatu, ni dakika 39. Hazikuwepo. Ile 18 ilitokana na hesabu ya wodi kabla haijatokana na uzembe wa mtu yeyote, na hilo nalisema hata kama ilikaribia kumuua mgonjwa.

Mwaka 2006 mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Beatrice Kalisch, aliwauliza wauguzi ni huduma zipi huachwa muda unapobana. Walitaja kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumfundisha, kumwandaa kwenda nyumbani, kumtia moyo, usafi wa mwili, kuandika maji yanayoingia na kutoka, na kumwangalia. Itazame orodha hiyo vizuri. Hakuna hata moja yenye kengele. Dawa ikikosa kutolewa kuna kisanduku kitupu kwenye karatasi na mtu atauliza. Mgonjwa akikosa kuangaliwa, karatasi inabaki imejaa vilevile. Ndiyo maana naamini kuangalia ndiko hupotea kwanza wauguzi wakipunguzwa, na pia ndiko hupotea bila kelele: hesabu za mwezi zitaonyesha kazi yote imefanyika, na wauguzi wachache zaidi wameifanya.

Vifo, hata hivyo, huhesabiwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ukihusisha wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 utafiti mwingine katika nchi tisa za Ulaya ulikuta asilimia ileile, 7. Nchi tofauti, lugha tofauti, namna tofauti za kulipia matibabu, namba moja. Huo wa Ulaya ulikuta pia kwamba pale sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipokuwa kubwa kwa asilimia 10, uwezekano wa kifo ulikuwa mdogo kwa asilimia 7. Elimu na muda ni vitu viwili ambavyo jicho la muuguzi huvihitaji kwa pamoja. Ukiwa na elimu bila muda, unajua unachokikosa. Nimewahi kurudi nyumbani na ujuzi wa namna hiyo, na usingizi haukuja.

Kuna saa ya zamu ambayo watu wasio wauguzi hawaielewi kabisa, nayo ni saa ya toroli la dawa. Muuguzi amesimama ameinama juu ya karatasi. Ana kichupa mkononi. Anajiuliza mambo matano aliyofundishwa siku za mwanzo: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kiasi ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Anapiga hesabu ya mililita. Hapo simu ya wodi inalia. Ndugu anagusa bega, "Samahani sista, dripu imeisha." Daktari anauliza majibu ya damu ya kitanda cha tatu yako wapi. Anarudi kwenye kichupa. Alikuwa amefika wapi?

Watafiti wa Sydney, katika hospitali mbili, waliwafuata wauguzi 98 wakati wa kutoa dawa na kuhesabu kila mara walipokatizwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, kila kukatizwa kulihusiana na ongezeko la karibu asilimia 12 la makosa ya utaratibu, na ongezeko la asilimia 12.7 la makosa ya dawa yenyewe. Muuguzi aliyekatizwa mara nne kwenye dawa ya mgonjwa mmoja alikuwa na hatari maradufu ya kufanya kosa kubwa. Tunapomwona muuguzi haitiki haraka kwenye toroli, huwa tunasema ana kiburi. Pengine yuko kwenye mililita ya tatu ya dawa ambayo ya nne yake ingeua. Ningeomba sana ndugu wa wagonjwa walijue hili, na madaktari walijue zaidi.

Jibu ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wanaopanga bajeti ni mashine. Kwamba vipimo vitachukuliwa na vifaa, vifaa vitapiga kengele, muuguzi mmoja atatosha kwa vitanda vingi. Vifaa navipenda na sitaki kurudi nyuma. Lakini mgonjwa wangu wa kitanda cha saba alikuwa na asilimia 96 kwenye kifaa. Alikuwa nayo kwa sababu alikuwa akihema kwa nguvu kuishikilia. Kifaa kilisoma matunda ya jitihada yake, na jitihada yenyewe hakikuiona. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha jambo zito zaidi: kwa wagonjwa Weusi, kifaa cha kidoleni kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyokosa kwa wagonjwa Weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi huathiri namna mwanga unavyopita. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika wodini kwa miongo. Na kwenye wodi yenye vifaa vingi kengele hulia mfululizo, nyingi zikiwa za bure, waya umelegea au mgonjwa amejigeuza, mpaka masikio yanazoea. Panapokuwa na kengele nyingi panahitajika mtu mwenye muda wa kwenda kutazama ipi ni ya kweli.

Sasa nifike kwenye neno "aliyesajiliwa", maana ndilo lenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Nchi ya kwanza kutunga sheria yake yenyewe ya kusajili wauguzi nchi nzima ilikuwa New Zealand, mwaka 1901, na jina la kwanza kuandikwa kwenye rejista hiyo, Januari 1902, lilikuwa la Ellen Dougherty. Uingereza ilifuata mwaka 1919 baada ya mabishano ya miaka zaidi ya thelathini. Waliopigania usajili walitaka mgonjwa awe na uhakika kwamba aliyevaa sare amesoma na amefaulu. Walipata hilo. Pamoja nalo ikaja ahadi ya muuguzi mwenyewe: jina langu liko kwenye kitabu, nikikosea linaweza kufutwa. Ahadi hiyo naiheshimu. Nilipopata namba yangu ya usajili niliikariri siku hiyohiyo, na mpaka leo naweza kuitaja usingizini.

Lakini ona ilivyokaa. Namba hiyo inanifunga mimi. Dawa nikitoa isiyo sahihi ni mimi. Nisipoandika ni mimi. Nikipokea zamu yenye wagonjwa 13 ilhali najua siwezi kuwaangalia wote, nimeshawajibika kwa wote 13 tangu dakika niliposema "nimepokea". Nikikataa kupokea, nimewatelekeza. Aliyeandika ratiba ya zamu, akaweka wawili mahali pa watano, hana kitabu ambacho jina lake linaweza kufutwa kwa sababu hiyo. Hakuna baraza litakalomuuliza. Taaluma hii ilipewa wajibu wa mtu mzima na mamlaka ya mtoto, na chuki nyingi ninazoziona kati ya wauguzi wenyewe, zamu ya usiku ikiilaumu ya jioni, wakongwe wakiwafokea wageni, naona zinatoka hapo. Tunagombana sisi kwa sisi juu ya muda ambao hakuna kati yetu aliyeuondoa.

Na ukilalamika, unajibiwa kwa neno moja: wito.

Sikatai wito. Wapo watu wasioweza kuifanya kazi hii hata wakilipwa vizuri, na wapo wanaoiweza kwa kuwa kitu ndani yao huwavuta kwa mgonjwa. Ninachokataa ni wito kutumiwa kama malipo. Unaambiwa ubaki saa mbili zaidi kwa sababu ni wito. Unaambiwa usiulize posho ya usiku kwa sababu ni wito. Neno hilo hutumika zaidi katika kazi zilizojaa wanawake, na takriban asilimia 85 ya wauguzi duniani ni wanawake. Hata Florence Nightingale tumepewa nusu yake. Tunafundishwa taa aliyotembea nayo usiku kati ya majeruhi wa Vita vya Crimea. Tunafundishwa kidogo sana kwamba alirudi na namba, akachora michoro kuonyesha kwamba askari wengi waliokufa waliuawa na magonjwa ya uchafu na msongamano na si majeraha, akaipeleka kwa wakubwa wa serikali na kuwabana nayo kwa miaka. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Yule mama mwenye taa alikuwa akihesabu.

Kuna nchi na majimbo yaliyokubali kuhesabu. California ilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004: katika wodi za kawaida za upasuaji na magonjwa ya ndani, muuguzi mmoja asipewe wagonjwa zaidi ya sita, na mwaka uliofuata wakashuka kuwa watano. Katika chumba cha mahututi, wawili. Queensland huko Australia iliweka viwango vyake mwaka 2016, muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na saba usiku. Watafiti waliolinganisha hospitali zilizohusika na zisizohusika walichapisha matokeo mwaka 2021. Kwenye hospitali zenye viwango, vifo na kurudi kulazwa vilikwenda vizuri zaidi, na siku za kukaa wodini zilipungua kiasi kwamba gharama zilizoepukwa zilizidi maradufu gharama ya kuajiri wauguzi walioongezwa. Kwa hiyo anayesema hakuna pesa ya wauguzi anapaswa kueleza pesa inayolipia vidonda vya kitanda, maambukizi na wiki za ziada za kulazwa inatoka wapi. Inatoka mfuko uleule.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito: wauguzi wenyewe hawatoshi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2025 zinaonyesha wauguzi milioni 29.8 duniani kufikia 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Ukiweka kiwango leo mahali pasipo na watu, utafunga vitanda, na mgonjwa aliyefungiwa kitanda hana muuguzi kabisa. Ni kweli, na anayedai viwango bila kulijibu hili hajamaliza hoja yake. Ila upungufu huo haukushuka kama mvua. Zipo nchi zenye wauguzi waliosoma, wamesajiliwa, wanakaa nyumbani kwa kuwa nafasi za ajira hazikufunguliwa. Zipo nchi tajiri zinazochukua waliosomeshwa na wengine, na leo karibu muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Na wapo wengi walioacha wakiwa bado wana nguvu. Nimewaaga wenzangu kadhaa. Hakuna aliyeniambia amechoka na wagonjwa. Walichoka kutoka kazini kila siku wakijua walichokiacha nyuma.

Mwili nao una hesabu zake. Mwaka 2007 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliweka kazi za zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda husababisha saratani, na mwaka 2019 ukalirudia uamuzi huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wauguzi 393 wa Marekani, ulikuta kwamba aliyefanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa mfululizo alikuwa na uwezekano mara tatu wa kukosea. Saa tisa usiku, muda ule niliosimama kitanda cha saba, ndio muda ambao ubongo wa binadamu huwa umelala hata kama macho yako wazi. Nilimwona mgonjwa yule kwa sababu kitanda cha sita kilikuwa kitupu usiku ule na nilikuwa na dakika moja ya ziada. Nimelitafakari hilo mara nyingi kuliko yote. Kama kitanda cha sita kingekuwa na mtu, ningeandika 18.

Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaosema tuwafundishe wauguzi zaidi kuhusu kuhesabu pumzi. Wanajua. Mwenzangu wa jioni alikuwa amesoma kunizidi. Kinachotakiwa ni idadi ya wagonjwa kwa muuguzi iandikwe kwenye sheria kama namba ya usajili ilivyoandikwa, na anayeivunja awe na mahali pa kujibu.

Fomu ya kuripoti tukio tuliyokuwa tukitumia ilikuwa na kisanduku cha jina la muuguzi aliyehusika, kisanduku cha namba yake ya usajili, na nafasi ndefu ya kueleza "hatua ambazo muuguzi angechukua kuzuia tukio". Haikuwa na mahali pa kuandika alikuwa na wagonjwa wangapi. Miezi michache baada ya usiku ule mgonjwa mmoja alianguka akienda chooni peke yake, nikajaza fomu, na pembeni nikaandika kwa kalamu: wagonjwa 26, wauguzi 2, saa ya sita ya zamu. Ikarudishwa. Niliambiwa niandike upya, nisichafue fomu kwa maneno ya pembeni. Nikachukua fomu mpya, nikaijaza kwa mwandiko mzuri zaidi, na pembeni nikaandika: wagonjwa 26, wauguzi 2, saa ya sita ya zamu.